Kivuli cha Bi Mwamini

Lifti ilimkaribisha Kinota kwa jina la mwanamke, kama ilivyozoea. "Karibu, Bi Mwamini," ilisema kwa ile sauti yake ya upole, na Kinota, mwenye ndevu zilizoshuka hadi shingoni na dumu la maji begani, akaitikia, "Ahsante, mjukuu wangu," milango ikajifunga. Jikoni watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Bi Mwamini mwenyewe alikuwa palepale mezani, kwenye kiti chake cha umeme, akichomoa nyuzi za muhogo wa kuchemsha kwa vidole, na alicheka kuliko wote.

"Leo nimeota ndevu," alisema. "Nikirudi nyumbani mzee atanifungia mlango."

Ruhama Ntandu naye alianza kucheka, kikombe kikiwa mdomoni, kisha akakishusha. Lifti ilikuwa inapanda. Juu ya mlango wake taa ndogo iliandika jina la aliyemo ndani, na jina lilikuwa la mama huyu aliyekaa mbele yake, anayemwuliza kama muhogo umekolea chumvi. Alikwishaiona taa ile mara nyingi tangu ahamie Singida. Leo ndiyo kwanza aliisoma.

Asubuhi hiyohiyo, kabla ya chai, alikuwa amesimama mbele ya Ukuta wa Miaka akijiuliza swali ambalo hakulipatia jibu. Sasa jibu lilikuwa linapanda ghorofa ya pili na dumu la maji.

Ruhama alikuwa mtunza kivuli wa tawi la Singida la Benki ya Alizeti. Kivuli ndilo neno ambalo sheria ililichagua: umeme ambao taasisi inautumia, maji inayoyamwaga, joto inalolirudisha hewani, vyote vikijumlishwa pamoja. Zamani kilipimwa cha jengo zima, na kila mtu akamnyooshea mwenzake kidole. Ndipo zikaja bangili. Kila mfanyakazi akavaa yake, na jengo likajua ni mkono wa nani umewasha jiko, umefungua friji, umeita lifti. Kila mmoja ana kikomo chake cha mwaka. Ukikivuka, bangili yako inafungwa miezi sita, na asiye na bangili hafunguliwi mlango wa ofisi yoyote, iwe Singida, iwe Dodoma. Watu wenye ulemavu peke yao hawakuwekewa kikomo. Waliotunga sheria waliona si haki kumhesabia lifti mtu asiyeweza kupanda ngazi.

Bi Mwamini aliivua bangili yake kila siku saa nne, anaponawa mikono ili ale, akaitundika kwenye msumari kando ya sinki. Aghalabu aliisahau pale mpaka mchana. Hakuna aliyekumbuka nani alikuwa wa kwanza kuiazima. Pengine mtu alikuwa amebakiza kidogo kufikia kikomo chake na mgongo unamuuma, akaona ngazi ni ndefu. Baadaye ikawa mazoea, kama majirani wanavyoombana chumvi: huulizi, unaingia, unachota, unasema ahsante mama. Bangili ilipandisha maji, ikawasha jiko, ikapoza vyumba katika miezi ile ya joto ambayo hata mijusi hujificha. Na kila asubuhi ilimfungulia Ruhama friji, aweke chupa ya maziwa anayomkamulia mwanawe Asifiwe, aliyekuwa bado ananyonya.

Alimaliza chai yake, akarudi ukumbini.

*

Ukuta wa Miaka ulichukua upande mzima wa ukumbi wa chini, mahali wateja wanapokaa kusubiri. Benki ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na makao makuu yaliagiza kila tawi litayarishe picha yake. Ukigusa mwanzo wa ukuta unaona wafanyakazi wa mwaka wa kwanza: wanaume peke yao, tai shingoni, nyuma yao jenereta la dizeli likifuka moshi. Ukisogeza mkono, jenereta linatoweka na mitambo ya upepo inasimama milimani. Wanaingia wanawake, kwanza wawili kwenye pembe ya picha, halafu wengi hata pembe haitoshi. Wanaingia watu wa Mkalama na Ikungi ambao zamani, wakija kama wateja, walikuwa wakichekwa lafudhi. Anaingia Bi Mwamini, amesuka nywele, kiti chake bado kina nailoni ya dukani.

Chini ya picha hizo kulikuwa na mstari wa kivuli. Ulianza juu kabisa, ukashuka vizuri miaka mingi, kisha ukageuka na kuanza kupanda. Uligeuka palepale ambapo sura zilianza kuchanganyika.

Mashine iliyoitwa Mshauri ndiyo iliyoona jambo hilo kabla ya binadamu yeyote. Makao makuu waliinunua iwasaidie kuamua nani aajiriwe, na asubuhi ile ilikuwa imeandika pendekezo lake: Mwamini Kitundu apumzishwe kwa nusu mshahara kuanzia mwezi ujao. Waombaji wenye hali kama yake wasiitwe tena kwenye usaili, katika matawi yote.

"Mshauri," Ruhama aliita kwa sauti ya chini, "kivuli kilianza kupanda kwa nini?"

"Benki iliajiri watu wa aina nyingi zaidi."

"Miaka hiyohiyo ndiyo joto lilianza kutuzidi. Hilo hulioni?"

"Joto liliwapata wote. Vivuli vya wengine vilibaki chini ya kikomo. Cha Mwamini Kitundu kiliongezeka. Katika kila tawi, cha aliye kama yeye kiliongezeka."

Katika kila tawi. Ruhama alikumbuka ofisi ya Dodoma alikotoka, na yule kaka asiyeona aliyepokea simu, ambaye bangili yake ilikuwa haikauki mikononi mwa watu.

"Na kama bangili haikuwa mkononi mwake?"

"Bangili ndiyo mtu," ilijibu mashine.

Haikusema kwa ubaya. Ilifundishwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuiambia habari za msumari.

*

Meneja Mkumbo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempa Ruhama ruhusa ya kutoka mapema akanyonyeshe, bila kumkata kitu. Ofisi yake ilikuwa na ubaridi wa kupendeza, na wote wawili walijua kiyoyozi kile kiliwashwa kwa mkono wa nani.

Alikuwa na njia yake, akaieleza taratibu kama anavyomweleza mkulima masharti ya mkopo. Msumari ung'olewe leo. Watu waishi ndani ya vikomo vyao. Bi Mwamini aende kwake na nusu mshahara wake, na tawi litamchangia kitu kizuri cha kuagana. Jumla ya kivuli itashuka, kila mtu atabaki na kazi, na yaliyopita yatajifia yenyewe. Ruhama akimwambia Mshauri ukweli, jumla haitabadilika hata chembe. Kitakachobadilika ni majina. Nusu ya tawi itafungiwa bangili, yeye akiwa wa kwanza.

"Una mtoto mchanga, mwanangu," alimalizia. "Miezi sita si mchezo."

Ruhama alishuka kwa ngazi. Ghorofa zote mbili alikuwa anaona jinsi njia ile ilivyo laini, na ngazi za mwisho ndipo akaiona ilivyo mtego. Bi Mwamini akiondoka, bangili isiyo na kikomo inaondoka naye. Watu watavumilia joto na kupanda kwa miguu kwa sababu hawatakuwa na la kufanya. Kivuli kitashuka kwelikweli. Na Mshauri itauona mstari ukishuka mwezi uleule aliofukuzwa mlemavu, itasema, mnaona? Itayafundisha na matawi mengine. Baada ya hapo hata malaika hataweza kuibishia.

Jioni alimhadithia mama mkwe wake wakiwa uani, yeye akianua nguo, bibi akimrusharusha mjukuu wake Asifiwe magotini. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Aliuliza mambo mawili matatu kuhusu bangili, akataka aelezwe upya habari ya friji.

"Kwa hiyo maziwa ya huyu yalikuwa yanapozwa kwa mkono wa yule mama."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Mwenyewe ndiye aliyeniambia nichukue, siku ile ya kwanza nilipokuja na chupa nikawa sijui pa kuiweka."

Bibi alimfuta mtoto udenda kwa ncha ya khanga. "Alikupa," alisema. "Ila bei yake hakuambiwa."

*

Kesho yake Ruhama alifika akiwa amepanga kumweleza Bi Mwamini peke yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini mlangoni alimkuta msichana wa kama miaka ishirini na mbili, amesimama kwa magongo, gauni limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alijitambulisha kuwa Oliva, ametoka Ilongero alfajiri, ameitwa kwenye usaili wa kazi ya dirishani. Mlango ulikuwa umemwambia usaili wake umefutwa. Aliurudia mlango kama mtu anayedhani hakusikia vizuri, nao ukamjibu vilevile, kwa adabu ileile.

Bi Mwamini alikuwa nyuma yake, amewasili wakati huohuo. Oliva alipomwona yuko kwenye kiti na ana beji ya benki, uso wake ulifunguka.

"Shikamoo, mama. Samahani, wewe ni wa humu? Nilitaka tu kujua nimekosea wapi, ili nirekebishe nikiomba tena."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwamini. Alimtazama Ruhama amsaidie jibu, na Ruhama akainamisha macho. Mwishowe Bi Mwamini alichukua namba ya simu ya yule binti, akamwambia aende akanywe chai asisafiri na njaa, na wakamtazama akivuka barabara, gongo moja kisha jingine.

"Sema," Bi Mwamini alisema bila kugeuka. "Uso wako tangu jana unanificha kitu."

Ruhama alimwambia yote palepale pembeni ya ua la benki. Pendekezo ambalo milango ilikwishaanza kulitii, mstari, bangili ndiyo mtu. Alimwambia na mtego wa Meneja. Alitegemea mama yule atashangaa, au atalia. Bi Mwamini alikuwa anazungusha bangili yake mkononi.

"Kwani unafikiri nilikuwa naisahau?" aliuliza. "Mtu gani anasahau bangili kila siku ya Mungu? Nilikuwa naiacha." Aliacha kuizungusha. "Humu ndani kila mtu ananipa kitu. Huyu ananisogezea kikombe, yule ananiokotea kalamu, sijaomba. Nashukuru. Lakini kupokea tu kunachosha, Ruhama, wewe hujui. Pale msumarini walikuwa wananijia mimi. Kinota ananiita bibi kwa sababu nina kitu anachokitaka. Nilikuwa natoa changu."

"Najua, mama."

"Basi kumbe nilikuwa natoa na cha yule binti." Aligeuza kiti kuelekea mlangoni. "Miezi sita mtoto wako utamlisha nini?"

Ruhama alisema hajui. Alisema mume wake anafanya kazi kwenye mitambo ya upepo, watabana, hawatakufa. Alisema anaogopa. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na ukweli mwingi kuliko yote, na Bi Mwamini akaupokea mkono wake, akakaa nao kwa muda.

"Ningeweza kukibeba kivuli hiki peke yangu, ningekibeba nikawaacha nyie," alisema. "Lakini kilichoandikwa chote tayari ni changu. Sina cha kuongeza."

*

Saa nne ilipofika Bi Mwamini hakunawa mikono. Aliwaambia watu leo chai wainywee ukumbini, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuagizaagiza, walikwenda, vikombe mikononi, wakidhani kuna keki ya miaka ishirini.

Sheria ilikuwa na kifungu ambacho hakuna tawi lililowahi kukitumia: kudai kivuli. Mtu anaweza kuuambia Ukuta kwamba matumizi yaliyoandikwa kwa mwenzake ni yake. Ukuta utayahamisha bila kuuliza ushahidi, kwa sababu aliyeandika sheria hakuweza kufikiria mtu atakayedanganya kwa hasara yake.

Ruhama aliwaeleza kwa maneno machache. Hakuwataka wafanye lolote. Alisogea, akaiweka bangili yake kwenye kioo cha Ukuta, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyokusudia.

"Friji. Kila siku ya kazi tangu nilipofika hapa. Ni maziwa ya mwanangu. Kivuli hicho ni changu."

Bangili ilibana kidogo mkononi, ikawa nyekundu: imefungwa. Kwenye Ukuta, uzi mwembamba ulitoka kwenye jina la Bi Mwamini ukahamia kwenye lake. Kivuli cha jina la Bi Mwamini hakikutikisika. Ilikuwa kama kumega tonge moja kwenye sufuria ya shughuli.

Mama mmoja wa dirishani alisema chinichini kwamba ana ada za watoto watatu, akarudi jikoni na kikombe chake, na hakuna aliyemlaumu. Wengine wawili wakamfuata. Meneja Mkumbo alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alimtazama Ruhama, akamtazama Bi Mwamini muda mrefu zaidi, kisha akapanda, na wakasikia mlango wa ofisi yake ukifungwa taratibu.

Kinota alikohoa. Alikuwa mtu wa kutania hata msibani, na watu walimgeukia wakitegemea neno la kuwaokoa. Akamwendea Bi Mwamini kwanza, akachuchumaa macho yao yakawa sawa.

"Nilikuwa nadhani tunacheka pamoja, bibi."

"Tulikuwa tunacheka pamoja," alisema Bi Mwamini. "Nenda."

Kinota aliweka mkono kwenye kioo. "Lifti," alisema. "Maji, na siku nyingine sikuwa na maji, uvivu tu. Miaka minne. Ni yangu."

Mara hii kivuli cha Bi Mwamini kilitikisika. Aliyefuata alidai jiko. Baada yake akaja mlinzi, akadai taa za kibandani. Mmoja alidai kwa hasira kana kwamba Ukuta ndio uliomkosea. Hawakuwa wote, hawakuwa hata theluthi mbili. Lakini nyuzi zilihama moja baada ya nyingine, na jina la Mwamini Kitundu likawa linapungua mbele ya macho yao, mpaka likabaki na kile alichokitumia mwenyewe: kiti chake, lifti yake ya asubuhi na jioni, kikombe cha maji ya moto. Kilikuwa kivuli kidogo. Katika tawi zima kilikuwa miongoni mwa vidogo kabisa.

"Nilichojifunza hakilingani na ninachoambiwa sasa," ilisema Mshauri. Ilichukua muda, na mashine ile haikuwa na kawaida ya kuchukua muda. "Naondoa pendekezo langu. Naomba matawi yote yaulizwe kama bangili huvaliwa na wenyewe."

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wanazitazama bangili zao nyekundu, wakianza kupiga hesabu za nyumbani. Bi Mwamini alitoa simu, akatafuta ile namba ya asubuhi. Alimwuliza binti amefika wapi, akamwambia kama bado hajapanda gari arudi, usaili upo. Halafu akakisogeza kiti hadi kwenye dirisha la katikati, ambalo mhudumu wake alikuwa ndiyo kwanza amefungiwa miezi sita, na akamwashiria mteja wa mbele asogee.

*

Ruhama alitembea kwenda kwake kwa miguu. Jua lilikuwa kali na njiani watu walimsalimia kwa mshangao, maana saa zile hakuzoea kuonekana mtaani. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele, Asifiwe amelala kwenye mkeka kivulini mwa ukuta. Aliinua macho, akaona bangili.

"Kwa muda gani?"

"Nusu mwaka."

"Na yule mama?"

"Yuko kazini."

Bibi alirusha mchele mara moja, makapi yakaruka na upepo. Aliuweka ungo chini, akamwokota mtoto aliyeanza kufumbua macho, akampa mama yake.

"Haya, mnyonyeshe," alisema. "Ameshachoka na chupa."